Kutoka Sineksini hadi Aneksini: Historia ya Majina ya Protini Zinazoshika Utando wa Seli kwa Kalisi na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Kati ya mwaka 1978 na 1990, maabara kadhaa za Marekani na Ulaya ziligundua, kila moja kwa njia yake, protini zinazojishikiza kwenye utando wa seli pale kiwango cha kalisi kinapopanda. Protini hizo zilipewa majina mengi yaliyogongana, hata protini moja ikawa na majina matano au zaidi. Makala haya yanafuatilia historia ya majina hayo hadi kupatikana kwa jina la pamoja, aneksini. Hoja kuu ni kwamba majina yaliyotaja kazi iliyodhaniwa yalipitwa na wakati, ilhali jina lililotaja tabia iliyothibitishwa limedumu hata baada ya maelezo ya kazi za protini hizo kubadilika. Sehemu ya mwisho inaangalia maana ya historia hiyo kwa vyombo vinavyounda na kusanifisha istilahi za sayansi katika Kiswahili.

1. Utangulizi

Mtafiti wa mwaka 1987 aliyetaka kusoma yote yaliyoandikwa kuhusu protini ambayo leo inaitwa aneksini A2 alikuwa na kazi ngumu. Waliochunguza saratani ya kuku waliiita p36. Waliochunguza tezi za adrenali waliiita kromobaindini 8. Waliochunguza kiunzi cha seli waliiita kalpaktini I, na waliochunguza uvimbe na homa waliiita lipokotini II. Kibaya zaidi, kalpaktini I ilikuwa ndiyo lipokotini II, na kalpaktini II ilikuwa ndiyo lipokotini I. Msomaji aliyefuata namba badala ya jina alipotea njia bila kujua.

Historia za sayansi kwa kawaida husimulia ugunduzi, na majina huchukuliwa kuwa jambo la pembeni. Makala haya yanalichukulia jina kuwa sehemu ya ugunduzi wenyewe. Kila jina lililotolewa lilikuwa dai fupi kuhusu kazi ya protini ndani ya seli, na dai hilo lilielekeza maswali yaliyoulizwa baadaye. Kwa hiyo kufuatilia majina ni kufuatilia namna wanasayansi walivyokuwa wakifikiri.

2. Kalisi kama mjumbe ndani ya seli

Mwaka 1883, jijini London, daktari Sydney Ringer alichapisha masahihisho ya majaribio yake mwenyewe. Moyo wa chura aliokuwa ameuweka katika maji ya chumvi ulikuwa umeendelea kudunda, naye akahitimisha kwamba viambato alivyotia vilitosha. Baadaye aligundua kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yaliyokenekwa bali ya bomba, nayo yalikuwa na kalisi. Alipotumia maji yaliyokenekwa, mapigo ya moyo yalififia hadi yakakoma. Kosa hilo la maabara ndilo lililoonesha kwa mara ya kwanza kwamba kalisi, iliyojulikana zaidi kama madini ya mifupa, ina kazi katika mwendo wa seli hai.

Karne ya 20 ilieleza sababu. Seli iliyotulia huweka kalisi yake huru ya ndani katika kiwango cha chini mno, karibu mara 10,000 chini ya kile cha majimaji yaliyo nje yake. Tofauti hiyo ni kama maji yaliyozuiwa nyuma ya boma: mlango ukifunguliwa kidogo tu, kiwango cha ndani hupanda ghafla, na seli huusoma mpando huo kama ishara. Mwaka 1983, Hanspeter Streb, Robin Irvine, Michael Berridge na Irene Schulz walionesha kwamba kalisi huweza pia kufunguliwa kutoka katika maghala ya ndani ya seli kwa amri ya molekuli ndogo iitwayo inositoli trisfosfeti.

Ishara isiyo na msikilizaji haina maana. Msikilizaji wa kwanza kujulikana vizuri alikuwa kalmodulini, protini iliyogunduliwa mnamo mwaka 1970 na Wai Yiu Cheung nchini Marekani na Shiro Kakiuchi nchini Japani, kila mmoja kivyake. Kalmodulini hushika kalisi, hubadilika umbo, kisha huvishika na kuviamsha vimeng'enya vingine. Hata hivyo, mambo mengi ambayo kalisi huyaamuru hutokea kwenye utando: vifuko vya homoni huungana na utando na kumwaga vilivyomo, na mafuta ya utando hukatwa ili kuzalisha wajumbe wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Yasutomi Nishizuka na wenzake huko Kobe walionesha kwamba kimeng'enya walichokiita kinasi C huhitaji kalisi pamoja na mafuta ya utando ili kifanye kazi. Swali likawa wazi: ni protini gani nyingine zinazoisikia kalisi zikiwa zimeegemea utando?

3. Maabara nyingi, majina mengi: 1978 hadi 1985

Jibu la kwanza lilitoka katika tezi za adrenali za ng'ombe. Mwaka 1978, Carl Creutz, Christopher Pazoles na Harvey Pollard, waliokuwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walieleza protini inayokusanya vifuko vya adrenalini pamoja pale kalisi inapoongezwa. Waliiita sineksini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukutana. Matumaini yalikuwa makubwa: huenda hii ndiyo protini inayounganisha vifuko na utando wakati homoni inapomwagwa. Mwaka 1983, Creutz alieleza kundi zima la protini za tezi hiyo zinazoshika utando wa vifuko, akaziita kromobaindini na kuzipa namba.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakivuta kamba hiyohiyo kutoka ncha nyingine. Mwaka 1982, John Walker alitenga kutoka katika ogani ya umeme ya samaki taa wa jenasi Torpedo protini aliyoiita kalelektrini. Mwaka huohuo, Moore na Dedman walipata kutoka katika misuli laini protini walizoziita kalsimedini, jina lililodokeza kwamba ni wapatanishi wa kazi za kalisi. Nchini Ujerumani, Mollenhauer na von der Mark walipata katika seli za gegedu za kuku protini inayoshika kolajeni, wakaiita ankorini CII, yaani nanga.

Njia ya tatu ilianzia kwenye saratani. Mwaka 1980, makundi mawili ya watafiti yaliripoti kwamba virusi vya Rous vinapoigeuza seli ya kuku kuwa ya saratani, kimeng'enya cha virusi hivyo hubandika fosfeti kwenye protini yenye uzito wa kilodaltoni 36. Iliitwa p36 kwa uzito wake tu. Mwaka 1984, Fava na Cohen walieleza ndugu yake, p35, inayobandikwa fosfeti na kipokezi cha kichocheo cha ukuaji wa ngozi. Mwaka huohuo, Gerke na Weber walionesha kwamba p36 ndiyo protini waliyoipata katika seli za utumbo, na kwamba hushika nyuzi za aktini kukiwa na kalisi. John Glenney aliunganisha sifa tatu, yaani kalisi, fosfolipidi na aktini, akapata jina kalpaktini.

Njia ya nne ndiyo iliyobeba matumaini makubwa zaidi ya tiba. Dawa za kundi la kotikosteroidi hutuliza pumu na baridi yabisi, lakini zina madhara mengi zikitumika kwa muda mrefu. Mwaka 1979, Roderick Flower na Blackwell walipendekeza kwamba steroidi huifanya seli itengeneze protini inayozuia fosfolipesi A2, kimeng'enya kinachokata mafuta ya utando na kuachilia malighafi ya prostaglandini, zinazochochea uvimbe. Kama protini hiyo ingepatikana, huenda tiba ingepatikana bila madhara ya steroidi. Kundi moja liliiita makrokotini, jingine lipomodulini, la tatu renokotini. Mwaka 1984, wahusika walikubaliana kutumia jina moja, lipokotini. Ulikuwa upatanisho wa kwanza, ila uliwahusisha wale tu waliokuwa wakichunguza uvimbe.

Njia ya tano ilikuwa ya damu. Mwaka 1985, Chris Reutelingsperger na wenzake huko Maastricht walipata katika mishipa ya kitovu cha mtoto protini inayozuia damu kuganda. Waliiita protini ya mishipa izuiayo kuganda kwa damu. Wengine waliipata katika kondo la nyuma na kuipa jina la kondo.

Hivyo, kufikia mwaka 1985, kulikuwa na jina la mkutano, la umeme, la upatanishi, la nanga, la uzito, la aktini, la steroidi na la damu. Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno, lakini hapa wengi hawakuwa pamoja. Kila mmoja alikuwa katika chumba chake, akisoma majarida ya taaluma yake.

4. Mwaka 1986: undugu wafichuka

Kilichowakutanisha hakikuwa kikao bali mfuatano wa asidi amino. Mwaka 1986, Michael Geisow na wenzake walionesha katika jarida la Nature kwamba protini ya samaki Torpedo na protini za mamalia zinazoshika utando kwa kalisi zina kipande kimoja kinachojirudia. Mwaka huohuo, mfuatano kamili wa lipokotini ya binadamu na ule wa p36 ulichapishwa. Picha iliyotokea ilikuwa moja: kila protini ina vipande vinne vya asidi amino zipatazo 70, vinavyofanana. Moja tu, ambayo leo ni aneksini A6, ina vipande vinane. Mbele ya vipande hivyo kuna mkia mfupi unaotofautiana kati ya protini na protini.

Lipokotini ya wachunguzi wa uvimbe ikaonekana kuwa ndiyo p35 ya wachunguzi wa saratani. Protini ya damu ya Maastricht ikaonekana kuwa jamaa ya karibu ya kalelektrini, na ndiyo pia iliyokuwa nanga ya gegedu. Maabara zilizodhani zinachunguza magonjwa tofauti zilikuwa zimeshika nasaba moja.

Ugunduzi huo ulikuwa na gharama yake. Kama protini zote za ukoo huu hushika mafuta ya utando, je, uzuiaji wa fosfolipesi ulikuwa kazi maalumu ya lipokotini? Mwaka 1987, Davidson, Dennis, Powell na Glenney walijibu kwamba, katika majaribio ya aina hiyo, protini haikizuii kimeng'enya chenyewe. Huyafunika mafuta ambayo kimeng'enya kingeyakata. Ilikuwa kama mtu aliyefunika chakula kwa kawa, si aliyemshika mlaji mkono. Hoja hiyohiyo iligusa kuzuia kuganda kwa damu, kwa sababu vimeng'enya vya kugandisha damu navyo hufanya kazi juu ya utando. Kazi mbili zilizokuwa zimeandikwa ndani ya majina zikawa matokeo ya tabia moja ya pamoja.

5. Jina la pamoja: 1990

Mwaka 1990, Michael Crumpton na John Dedman waliandika katika Nature kuhusu mkanganyiko huo wa istilahi, wakapendekeza ukoo wote uitwe aneksini, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuunganisha au kufungamanisha. Kila protini ingepewa namba ya Kirumi. Lipokotini I ikawa aneksini I. P36 ikawa aneksini II. Protini ya damu ya Maastricht ikawa aneksini V. Sineksini, ya kwanza kugunduliwa, ikawa aneksini VII.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, Dedman ndiye aliyekuwa mmoja wa waundaji wa jina kalsimedini miaka minane kabla. Pendekezo lake lilimtaka aliache jina lake mwenyewe, naye akaliacha. Pili, jina jipya halikudai lolote kuhusu uvimbe, damu, saratani wala homoni. Lilisema jambo moja ambalo kila maabara ilikuwa imelithibitisha: protini hizi hujishikiza kwenye utando. Ufinyu huo wa maana ndio uliokuwa nguvu yake.

Mfumo wa namba nao ulirekebishwa baadaye. Aneksini zilipopatikana kwa wanyama wasio na uti wa mgongo, kuvu, mimea na viumbe wa seli moja, herufi ziliongezwa: A kwa wenye uti wa mgongo, B kwa wasio nao, C kwa kuvu, D kwa mimea na E kwa viumbe wengine sahili. Aneksini XII, iliyopatikana kwa mnyama mdogo wa majini aitwaye Hydra, ilihamia kundi B. Ndiyo sababu binadamu ana aneksini 12, A1 hadi A11 na A13, na nafasi ya A12 imebaki wazi. Pengo hilo ni kumbukumbu ya mpangilio uliosahihishwa bila kuvunjwa.

6. Jina lilidumu, maelezo ya kazi yakabadilika

Mwaka uleule wa 1990, Robert Huber na wenzake nchini Ujerumani walichapisha umbo la aneksini V. Ni kama kisahani kilichopinda kidogo. Upande uliobinuka una mahali pa kushikia kalisi, nao ndio unaoelekea utando. Kalisi hukaa katikati kama daraja: upande mmoja hushikwa na protini, upande wa pili na vichwa vyenye chaji hasi vya mafuta kama fosfatidiliserini. Kalisi ikishuka, daraja huondoka na protini hurudi kwenye majimaji ya seli. Tabia iliyotajwa katika jina ikawa sasa inaonekana kwa umbo.

Kuhusu kazi, mambo yalichukua njia nyingine. Matumaini kwamba sineksini ndiyo inayofungua mlango wa utoaji wa homoni na kemikali za neva yalipungua. Nafasi hiyo ilichukuliwa na sinaptotagmini, protini ya ukoo mwingine inayotumia kipande kifananacho na kile cha kinasi C cha Nishizuka. Thomas Südhof, ambaye mwaka 1984 alikuwa mwandishi wa kwanza wa makala kuhusu kalelektrini za mamalia, ndiye aliyeongoza sehemu kubwa ya kazi ya sinaptotagmini, na mwaka 2013 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na James Rothman na Randy Schekman.

Aneksini V ilipata kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Seli inapoanza kufa kwa utaratibu, fosfatidiliserini, ambayo kwa kawaida hufichwa upande wa ndani wa utando, hutokeza nje. Mwaka 1992, Valerie Fadok na wenzake walionesha kwamba seli walaji huitambua alama hiyo. Mwaka 1994, Koopman na wenzake nchini Uholanzi walitumia aneksini V yenye rangi ing'aayo kuzitambua seli zinazokufa. Leo kipimo hicho ni cha kawaida katika maabara za utafiti. Kama jina lingebaki lile la kuzuia kuganda kwa damu, mwanafunzi angelazimika kila mara kuelezwa kwa nini protini ya damu inapima kifo cha seli.

Aneksini A1 nayo ilirudi kwenye uvimbe kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibainika kwamba inapotolewa nje ya seli, hushika vipokezi vya seli nyeupe za damu na kupunguza mwendo wake kuelekea penye uvimbe. Flower alikuwa sahihi kwamba protini hiyo inahusiana na athari za steroidi. Njia ndiyo iliyokuwa tofauti na ile iliyoandikwa ndani ya jina. Aneksini A6 huikokota hadi kwenye utando protini inayozima ishara ya Ras, mojawapo ya njia kuu za ukuaji wa seli. Aneksini kadhaa, zikiwemo A1 na A5, hukimbilia penye tundu utando unapochanika na kusaidia kuliziba, kwa kuwa kalisi humiminika ndani kupitia tundu hilohilo. Kazi hizi zote hutofautiana, lakini zote huanza na kalisi kupanda na protini kushika utando.

7. Maana yake kwa istilahi za Kiswahili

Mwaka 1990 una umuhimu pia katika historia ya istilahi za Kiswahili. Ndio mwaka ambao Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hiyo ilikabiliana na tatizo lenye sura kama ya aneksini: dhana moja yenye majina kadhaa, na jina moja lenye dhana kadhaa.

Mfano wa kwanza ni seli, ambayo huitwa pia chembehai na, kwa kifupi, chembe. Neno chembe hutumika vilevile kwa punje ya mchanga na kwa vijisehemu vidogo vya maada. Sentensi isemayo chembe imeshika chembe juu ya utando haiwezi kueleweka bila kumuuliza mwandishi. Mfano wa pili ni utando wenyewe. Katika maandishi mengi ya umma huitwa ukuta wa seli, ilhali ukuta wa seli ni kitu kingine, kilichopo kwa mimea, kuvu na bakteria, na ambacho binadamu hana. Mkanganyiko huu una uzito. Baadhi ya viuavijasumu hushambulia ukuta wa bakteria na kuiacha salama seli ya binadamu kwa sababu haina ukuta huo. Maelezo ya dawa yanayolichanganya jambo hili yanamnyima msomaji sababu ya dawa kufanya kazi.

Historia ya aneksini inatoa mambo manne kwa vyombo vya usanifishaji, likiwemo Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar. Kwanza, pale kazi ya kitu bado inabishaniwa, istilahi itaje sifa inayoonekana na inayoweza kupimwa, isitaje kazi inayodhaniwa. Pili, mfumo uwe na nafasi ya kupanuka, kama herufi na namba zilivyowezesha aneksini za mimea kuingia bila kuyavuruga majina ya zile za binadamu. Tatu, majina ya zamani yasifutwe bali yaorodheshwe kando ya jina sanifu, ili maandishi ya awali yaendelee kusomeka. Nne, waundaji wa majina washindani wawe sehemu ya uamuzi, kwa sababu jina hupata nguvu pale aliyeliunda jingine anapokubali kulitumia.

Inaweza kupingwa kwamba Kiswahili hakiwezi kungoja miaka 12, kama wanabiolojia walivyongoja. Mwalimu anahitaji neno kesho asubuhi, na mfasiri wa mwongozo wa chanjo anahitaji neno leo. Pingamizi hili ni la kweli, na historia yenyewe inalijibu. Jina p36 lilikuwa la muda, lilitaja uzito tu, na halikumdhuru mtu. Ilikuwa rahisi kuliacha. Majina yaliyoleta shida ni yale yaliyosema mengi mapema. Istilahi ya muda si aibu, ilimradi ionekane kuwa ni ya muda na iwe na tarehe ya kupitiwa upya.

8. Hitimisho

Ukoo wa aneksini uligunduliwa mara nyingi kabla ya kutambuliwa mara moja. Kilichochelewesha utambuzi si uhaba wa vipimo peke yake, bali pia majina yaliyozifungia maabara katika vyumba vyake. Mfuatano wa asidi amino ulifungua milango mwaka 1986. Jina la pamoja liliihifadhi wazi kuanzia mwaka 1990. Nchi za ukanda huu zinapopanua matumizi ya Kiswahili katika shule, afya na bunge, majina ya dhana zilezile yanaundwa kwa wakati mmoja Dodoma, Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura. Orodha ya pamoja ya visawe, yenye mwenye dhamana na muda wa kupitiwa, ingegharimu kidogo sasa kuliko upatanisho utakaohitajika baada ya kila nchi kuchapisha vitabu vyake.